Kwa kijana wa punda mwenye sikio lililokatika

Jumatatu, baada ya sala ya Alfajiri, nilishika njia ya pwani kutoka mjini Lamu kwenda Shela, kama kilomita 3. Ndiyo mazoezi yangu hayo, buibui na raba, wanaocheka wameshachoka. Nilibeba madaftari ya darasa la nne nikayasahihishe kwa mama. Usiku mwanangu alikuwa na homa, sikugusa hata moja. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukutani. Wimbi moja tu, mfuko ukaenda baharini.

Wewe ulimwacha punda na mzigo wake, ukaingia majini na nguo zako. Madaftari yote 34 ukayatoa, ukayaanika juu ya magunia ya saruji, ukifungua kurasa polepole kama mtu anayechambua mchele. Nilipotaka kukupa chochote ulisema, "Mwalimu, nenda, watoto wanakungoja," ukamswaga punda. Hata jina sikuuliza, jamani.

Wino umechuruzika, ila majina yanasomeka. Mtoto hajambo. Dua zangu unazo kila sala. Ukisomewa haya, pita shuleni: mahamri yako yapo, na ya punda nitatafuta.