Kaka, hatulimi simu yako: barua ya wazi kwa kaka yangu wa Mbagala, Dar

Shikamoo kaka. Voisi yako kwenye grupu la familia nimeisikiliza mara mbili, eti siku hizi nyumbani tumeacha kulima korosho tunalima simu yako, yaani tunakaa tu kungoja hela unazotuma. Wenzio walicheka, mimi sikucheka.

Siku ile unaondoka Newala hukuondoka kivyako. Mama aliuza ufuta, mjomba akajazia nauli, wakakaa barazani wakaamua huyu aende hawa wabaki, mimi niko jikoni nakoka moto nasikia yote. Kwa wazee ilikuwa kama mtu mwenye mpunga bondeni Ruvuma na mihogo huku mlimani, kimoja kikigoma kingine kitatoka. Wewe ndo shamba lao lisilongoja mvua.

Mana mvua yenyewe sa hivi haieleweki. Huku ni msimu mmoja tu, Novemba Desemba mpaka Aprili, ikizingua hakuna vuli wala masika ya kujaribu tena. Msimu uliopita mahindi tumepanda mara mbili, ya kwanza yaliota yakafika kwenye kifundo cha mguu yakakauka, mbegu ya pili tukakopa. Alafu mvua uliyoililia Januari unaikuta mwezi wa kumi korosho ziko chini, unaokota zimelowa, unapeleka chama cha ushirika wanakwambia rudi ukaanike.

Kutoka kwetu si jambo jipya, babu alikwenda manamba, kibarua cha mkataba kwenye mkonge Tanga. Ila wazee wanasema zamani mtu alitoka shamba likishalala, sa hivi vijana wanaondoka Januari palizi imepamba moto, kwa sababu ndo mwezi ambao ndani hamna kitu. Wengine wanashuka dago, kambi za wavuvi kule Kilwa, mdogo wetu yuko Liwale anafyeka pori la watu. Palizi nabaki nayo mimi na mama na mgongo wake ule.

Na bado sisi tuna nafuu. Jirani yetu hana wa kumtuma wala nauli ya kumtumia, anapalilia kwa watu apate kilo ya unga, lake limeota majani mpaka mahindi huyaoni. Huyo hata wa kumtupia voisi hana.

Unakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara kule Somanga, mabasi yakalala njiani? Ile elfu thelathini uliyotuma kwenye simu iliingia jioni ile ile. Mama aliishika simu muda mrefu, hakusema kitu.

Kwa iyo kaka nakuomba hivi, usitume kidogo kidogo kila mwezi ukachoka ukaanza kutusema. Tuma Januari na Februari tu, tena kubwa kidogo. Ufuta ukitoka Juni pumzika kabisa, tutakuletea sisi unga wa muhogo na korosho za watoto, ila debe utarudisha mana lile ni la mjomba.