Zuhura, hiyo transfoma ya maikrowevu iache

Marahaba mwanangu. Picha nimeiona tangu jana usiku na usingizi haukuja, mama yako akaniuliza mbona unageukageuka nikamwambia mbu. Hiyo iliyo mezani kwako ni transfoma ya maikrowevu, usinidanganye ni ya redio, nimefungua maredio na mativii kabla wewe hujazaliwa.

Unachotaka nimekielewa. Pasi ya kulehemu ya wati 60 haiviwezi vile vichwa vya nyaya nene za sola, shaba inameza moto wote, risasi inakaa juu kama uji uliopoa. Na hilo wazo la kupitisha umeme wa volti ndogo lakini ampia nyingi kwenye kile kijiti cheusi cha kaboni cha ndani ya betri ya tochi mpaka kiwe chekundu kiyeyushe risasi ni zuri, nimemwonyesha hadi jirani, nimejisifu sana. Lakini Zuhura, hiyo transfoma upande wa waya mwembamba inatoa volti kama 2000, na siyo za kukurusha ukacheka, ni za kuzikwa. Na kile kikopo cha kapasita kinabaki na umeme hata plagi ukishaichomoa. Umekigusa? Nijibu hilo kwanza.

Najua utasema wenzako wanaukata ule waya mwembamba wanautoa wote halafu wanasuka mizunguko miwili mitatu ya waya wa weldingi, zinabaki volti mbili tatu. Kweli inafanya kazi. Ila patasi ikiteleza ikachubua waya wa upande wa ukutani, chuma chote kinakuwa na volti 230, na soketi za hicho chumba hazina erthi, nilizipima siku tunakuhamisha nikanyamaza kwa sababu kodi tulishalipa.

Basi iache. Nimetoa transfoma kwenye ile chaja ya betri ya gari, ile yenye volti 6 na 12, nimeifunga kwenye boksi la sabuni, konda wa basi la saa kumi na mbili anakuja nayo kesho. Tumia 6. Fyuzi nimeweka ya kweli safari hii, na usiniige mambo ya karatasi ya sigara, ile ilikuwa shida ya hela tu, na hii alama kwenye kidole changu mama yako anajua ni mafuta ya sambusa, mwache ajue hivyohivyo. Waya wa erthi nimeuacha mrefu, mwite fundi wa nyumba aweke erthi ya soketi kwanza, hela nitatuma, kabla ya hapo usiwashe.

Swichi ya mguu ikae upande wa ukutani na iwe ya plastiki, maana ndani yake inapita 230. Gusisha kijiti kwenye kazi kwanza ndio ukanyage, halafu achia mguu kabla hujainua mkono, ukifanya kinyume ni cheche tupu na kijiti kinaliwa. Pete na bangili vua, volti 6 hazirushi mtu ila zikipata njia kwenye pete kidole kinaiva. Miwani vaa, dirisha fungua, mikono osha na sabuni kabla hujashika chapati, risasi ni sumu, wewe nakujua unakula huku unafanya kazi.

Na ile pedali ya cherehani uliyoondoka nayo siyo swichi, ile ni ya kuongeza na kupunguza mwendo, ukiiunga kwenye transfoma utaiunguza, na mama yako ana sare kumi na nne za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, siku ya nne hii anaitafuta na mimi namsaidia kutafuta. Mpe konda arudi nayo.

Bati la jikoni limeng'oka tena, nitapanda Jumamosi. Yule kuku mweusi kaatamia mayai tisa. Konda akipiga simu pokea, usiache iite kama unavyonifanyia mimi, mzigo nimeshaulipia huku. Na hiyo ya maikrowevu mpe pia aje nayo, na kikopo chake asikishike mtu, nitajua mwenyewe pa kuiweka.

Baba yako