Pampu ina kwikwi? Pima upepo wa tangi kwanza

"Fundi, pampu yangu ina kwikwi." Ndivyo alivyotuambia mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, kwenye simu, na sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Akifungua bomba la jikoni, pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, hata sufuria moja hajamaliza kuosha. Miezi michache nyuma alishauziwa pampu mpya. Kwikwi ikabaki palepale.

Tulipofika nikamwomba afungue bomba, nami nikachuchumaa mbele ya geji ya presha ya maji, inayosoma kwa bar. Mshale ulishuka kutoka bar 2.8 hadi 1.4 kufumba na kufumbua, swichi inayowasha na kuzima pampu ikalia tak!, mshale ukapanda, tak! tena. Nikafungua kizibo cha plastiki nyuma ya tangi la presha, lile dogo la bati linalofungwa pamoja na pampu, nikabonyeza kile kisindano cha valvu kama unavyofanya kwenye tairi la baiskeli. Badala ya upepo, yakatoka maji. Hapo hakuna tena cha kubishana: mpira wa ndani umepasuka.

Tangi la presha lina mpira ndani yake. Maji hukaa ndani ya mpira, upepo hukaa kati ya mpira na bati, na upepo huo ndio unaosukuma maji bombani wakati pampu imepumzika. Tangi la lita 24 likiwa zima hukupa kama lita 8 kabla ya pampu kuwaka tena. Nusu ndoo haifiki. Wateja hudhani wamepunjwa, kumbe ndivyo lilivyo. Upepo ukiisha hata hizo 8 huzipati, kikombe kimoja tu kinaamsha pampu. Na mota huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuliko ikiwa tayari inazunguka, kwa hiyo kuwaka-kuzima kutwa nzima kunaichemsha mpaka iungue.

Si kila tangi lililoishiwa upepo limepasuka. Mara nyingi upepo umevuja taratibu, na kujaza unaweza mwenyewe. Zima umeme wa pampu, fungua bomba, acha maji yaishe kabisa tangini na bomba liache wazi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima tangi likiwa na maji, geji ya upepo inawasomea presha ya maji, wanaridhika. Upepo unatakiwa uwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu, tofauti ya bar 0.2 hivi. Pampu inawaka kwenye 1.4? Jaza 1.2. Pampu ya baiskeli inatosha. Ukimwita kijana wa tairi, msimamie, maana yeye amezoea bodaboda. Upepo ukizidi, maji yatakuwa yanakatika ghafla kabla pampu haijawaka. Rudia kupima kila miezi sita, mfano kabla mvua hazijaanza na tena zikikatika.

Lakini kama pampu inawaka usiku na bomba zote zimefungwa, usilisingizie tangi. Angalia choo kinachovuja, au valvu inayozuia maji yasirudi kisimani.

Kifuniko cha mdomo wa tangi la yule mama kilikuwa na bolti 6, na hewa ya bahari ilishazila. Mbili zilikatikia mkononi. Ninyi wa Shangani na Mikindani, pakeni grisi bolti hizo, ni kazi ya dakika tano. Mpira ulitoka umechanika mdomoni, na ndani yake mchanga wa kujaa kiganja. Pampu ilikuwa inanyonya karibu mno na sakafu ya kisima, tukapandisha bomba la kuvutia na kufunga chujio, la sivyo mpira mpya nao ungekwenda njia hiyohiyo.

Kubadilisha mpira ni nafuu kuliko tangi jipya, sembuse pampu. Bati likishatoboka kwa kutu, hata hivyo, sisi hatuchomelei. Chombo kinachobeba presha hakitiwi kiraka, nunua kingine.

Ukija dukani kununua mpira, njoo na kile kifuniko cha bolti, kwa sababu midomo inatofautiana na kukisia kwa macho kumeshawarudisha wengi mara ya pili. Ukituma picha, weka rula pembeni yake.