Shukrani zetu, mama karudi nyumbani

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani wa Tanga na popote mlipo. Alhamdulillah mama yetu karudi, tangu juzi yuko chumbani kwake na uji anakunywa mwenyewe.

Wengi mnajua tarehe 24 Septemba 2015, siku ya Idi, alikuwa Mina kwenye ule msongamano wa mahujaji wanaokwenda Jamarat kurusha mawe, na sie huku siku nne simu haipatikani hatujui yu hai au vipi, maana majeruhi waligawanywa hospitali nyingi, wengine mpaka Jeddah, na yeye kafikishwa hana simu hana pasi, mkononi ile bangili ya plastiki ya hija tu nayo imechanika. Aliyempata ni kijana wa Mombasa anafanya kazi Jeddah, alikuwa anapita wodi kwa wodi anauliza "kuna Mswahili humu?", mama akainua mkono. Tukapigiwa, nikasikia "mwanangu, nipo", nikakaa chini palepale barazani.

Kumbe kumpata ndo mwanzo. Nyonga imevunjika, ubavu umetoboa pafu, daktari akasema hapandi ndege mpaka hewa iliyovuja kifuani iishe kabisa, kwani ndege ikiwa juu ile hewa inatanuka inalibana pafu. Tumesubiri wiki tano. Halafu mgonjwa wa kulala ndani ya ndege ya abiria machela yake inawekwa juu ya viti kadhaa vilivyolazwa, na vyote mnavilipia, bado nesi wa kumsindikiza, oksijeni, karatasi ya daktari ya kuruhusu safari. Hapo ndo mlipotubeba. Akina mama wa kikoba, vijana wa bodaboda mliotoa elfu mbili mbili, walimu wa madrasa, na majirani zetu wa kanisani mliochanga bila hata kuombwa, Mungu awalipe.

Nesi uliyekuja naye, hukulala safari nzima, mama katuambia. Na wewe dereva wa ambulensi kutoka Dar, kila ukikaribia tuta unapunguza unamwambia "mama, tuta hilo", ahsante sana kaka.

Mwenzake wa hema moja hakurudi, kazikwa kulekule Makka, mama anamtaja kila akiamka. Jumamosi baada ya Alasiri tunawasomea yeye na wote waliofariki siku ile, karibuni, ila chumbani tuingie wachache wachache maana bado anachoka haraka.

Kijana wa Jeddah, namba yako haipatikani tena. Ukiona hapa tupigie, mama anataka akushukuru kwa mdomo wake.