Barua ya wazi kwa Mfamasia Mkuu wa Serikali: diklofenaki na mwenye figo moja

Ndugu Mfamasia Mkuu, salaam.

Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo mwaka 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, wapo mtaani watu wengi zaidi wanaotegemea figo moja: waliochangia, waliopandikizwa, na waliotolewa figo kwa saratani au mawe. Hofu yetu juu ya dawa za maumivu zinazoumiza figo, kama diklofenaki, haipo chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi anayeijua kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyochuja) ya mchangiaji mzima wa afya, akaamua kumchoma ketorolaki, ndugu ya diklofenaki, siku moja au mbili, ana hoja. Hofu yetu ni wiki ya tatu, kidonda kinapovuta na mgonjwa akajipeleka duka la dawa.

Anatoka na kibahasha kilichoandikwa "1x3". Jina la dawa hakuna. Ndani ni diklofenaki ya miligramu 50, pengine na omeprazole "ya kulinda". Inalinda tumbo tu. Hata sindano, au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, haina nafuu, kwa sababu dawa hufika kwenye figo kwa njia ya damu.

Mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo huachwa wazi na prostaglandini, kemikali ya mwili wenyewe, hasa mwili ukipungukiwa maji. Diklofenaki, ibuprofeni (Brufen), meloksikamu na piroksikamu zote huzuia prostaglandini isitengenezwe. Mshipa unajibana, uchujaji unashuka, kreatinini inapanda. Aliyepandikizwa yuko pabaya zaidi, maana takrolimasi, dawa yake ya kuzuia mwili usiikatae figo, nayo huubana mshipa huohuo. Anayemeza losartani ya presha ameshalegezewa mshipa wa kutokea damu, na furosemaidi, dawa ya kukojoza, imemkausha maji. Akiongeza diklofenaki, tena akiwa anaharisha, figo inaweza kuzima ndani ya siku chache. Mkojo huenda ukaendelea kutoka vizuri tu, ndiyo maana hashtuki.

Tunaomba waraka wako usimamie jina la dawa na nguvu yake kwenye kila bahasha. Muuzaji naye, kabla hajagusa kopo la diklofenaki, aulize: "Umewahi kupasuliwa figo, au una figo moja?" Ni sekunde tano.

Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali iandikwe Kiswahili, kwa herufi kubwa: USITUMIE DIKLOFENAKI WALA BRUFEN. Na isiishie kukataza, maana mwenye maumivu atatafuta tu. Kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, mwenye ini zima, iseme parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Isipomtosha, arudi kliniki. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, ina kipimo chake kwa figo dhaifu. Maumivu yanayozidi wiki ya tatu, au yenye homa, yanahitaji kuchunguzwa kidonda, na diklofenaki huificha homa hiyo.

Aliyekwisha kuimeza aache leo, apimwe kreatinini na potasiamu. Ikiwahiwa, mara nyingi figo hurudi.

Wako,
Wafamasia na wauguzi wa kliniki za figo