Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: Tuambiwe kabla ya kusaini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nimevumilia, sasa nimeshindwa. Wiki iliyopita mkataba wa mwenzetu kazini, mama wa Kikongomani, uliisha. Anataka kurudi Bukavu, akaenda kuulizia akiba yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda. Karatasi zake za mshahara zinaonyesha asilimia 5 ikikatwa kila mwezi. Kwenye akaunti hamna kitu. Mwajiri anajibu, "tunashughulikia". Mheshimiwa, huyu mama alikatwa! Hela hizo amekula nani?

Mimi ni Mtanzania wa Bukoba, fundi umeme hapa Kampala. Nilipoanza kazi nilipewa fomu, nikaonyeshwa pa kusaini, basi. Sikuambiwa kuwa mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na zote 15 ziwe zimefika Mfuko ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wala sikuambiwa kuwa tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima achangie. Wapo wanaokata na fungu lao humohumo kwenye mshahara wa mgeni, nadhani kwa sababu wanajua hataenda kuuliza.

Nikirudi kwetu je? Tanzania pensheni inadai miezi 180 ya michango, na nilipouliza niliambiwa miezi ya Kampala haihesabiwi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, iliahidi katika Ibara ya 10 kwamba mfanyakazi wa nchi mwanachama atapata hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji. Uganda ilitia saini. Walioanza kazi mwaka ule wanakaribia kuzeeka, na sisi bado tunatangatanga kati ya madirisha ya nchi mbili.

Tuma wakaguzi kwa waajiri wa namna hii, yule mama alipwe. Kisha agiza kila mfanyakazi mpya apewe karatasi: anakatwa ngapi, mwajiri anaongeza ngapi, namba yake ya uanachama ni ipi, salio analiangaliaje, na akihama nchi anadai vipi mafao yake. Iandikwe na kwa Kiswahili, maana Katiba ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Siku ya kwanza, kabla ya saini.

Fundi umeme,
Kampala