Risala ya Kikundi cha Sanaa za Maonyesho kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanakikundi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo historia ya kikundi tutaiweka kando. Tutaanza na kinyago cha boksi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, yupo mwenzetu aliyejiunga nasi akiwa haongei darasani. Akiitwa jina husimama, midomo hucheza, neno la kwanza hukwama, darasa hucheka, naye huketi. Kwenye mazoezi hakulazimishwa kusema peke yake. Aliwekwa kwenye kiitikio cha ngonjera, katikati ya sauti za wenzake, na hakukwama hata mara moja. Mwalimu mlezi alitueleza baadaye kwamba wenye kigugumizi wengi huwa hivyo: wakiimba, au wakisema kwa pamoja na wengine, ulimi hulegea. Wiki kadhaa baadaye akaomba sehemu ya mzee mkali. Akakata boksi, akatoboa macho, akachora ndevu kwa mkaa, akasema maneno yake yote akiwa nyuma ya kile kinyago. Hatutaki kukudanganya, kigugumizi hakijaisha. Ila siku hizi akikwama hakai. Husubiri neno lije, na darasa humsubiri.

Hiyo ndiyo kazi tunayoizungumzia. Wapo wanaoona sanaa shuleni ni pambo la siku ya wageni, na kwa kweli sisi wenyewe tuliwahi kuwa pambo hilo: tunaimba wimbo wa kukaribisha, tunapigiwa makofi, tunarudi darasani. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unaitaja sanaa kama haki. Ibara ya 31 inampa kila mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Imesema kila mtoto, haikusema wenye vipaji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapa ndipo penye tatizo letu. Mwaka 1975 nchini Venezuela, José Antonio Abreu alianzisha mpango wa kufundisha watoto muziki wa okestra, ambao leo unajulikana duniani kote kama El Sistema. Watafiti waliufuatilia kwa watoto 2,914 katika vituo 16. Waliona dalili kwamba watoto waliopata nafasi walijimudu zaidi kitabia. Wakaona na jambo jingine: pamoja na nia njema ya mpango, watoto maskini hawakujitokeza kwa wingi uliotarajiwa. Mlango ulikuwa wazi, na waliowahi kuingia wengi wao ni wale ambao tayari walikuwa na mtu wa kuwashika mkono.

Tuliposikia habari hiyo tulitazamana. Kikundi chetu nacho kilikuwa cha hiari, na mazoezi yalikuwa jioni. Jioni mtoto anayelea wadogo zake hayupo. Kila onyesho lilikuwa na mchango wa maleba, nao kwetu ulionekana mdogo. Kuna msichana aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wengi wetu. Siku tulipotangaza kwamba kila mmoja aje na sketi nyeusi, aliacha kuja. Tukasema amechoka. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa maleba ni mali ya kikundi, yanakaa kwenye sanduku, na anayehitaji anachukua bila kueleza kwa nini. Mazoezi mawili kwa wiki yamehamia ndani ya saa za masomo, kwa hisani ya mwalimu mkuu. Yule msichana amerudi. Mbele yako leo yuko mstari wa pili, na sketi yake huwezi kuitofautisha na ya mwingine.

Jambo jingine tulilojifunza linatoka kwa Augusto Boal wa Brazili, aliyebuni igizo ambalo mtazamaji haruhusiwi kubaki mtazamaji. Waigizaji huonyesha tatizo bila kulitatua, kisha huanza upya. Yeyote akiona mhusika anaonewa, husema "Simama!", hupanda jukwaani, huchukua nafasi yake na kujaribu njia nyingine. Tulipoigiza mtoto anayezuiwa kuja shule, mmoja wetu alipanda akiwa na jibu tayari. "Mama" akamuuliza, "Na huyu mdogo wako nimwachie nani?" Jibu likaishia hapo hapo. Tulikaa kimya, halafu tukaanza kufikiri sawasawa.

Utaona kwamba hatukumpanga mtoto yeyote asimame hapa kukueleza shida za nyumbani kwao. Tumekataa kwa makusudi. Tunaigiza visa vya kubuni. Maisha ya mtu ni yake, hayachezwi ili wageni walie. Ikitokea mtoto akatoboa jambo zito kwenye mazoezi, linapelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha, haliingii kwenye igizo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu si mengi. Tunaomba utusaidie kuzishawishi mamlaka husika ili vipindi hivi viwili visibaki hisani, maana mwalimu mkuu akihama vinaweza kuhama naye. Tunaomba walimu wetu wapate mafunzo ya kuongoza maigizo, kwa sababu mlezi wetu amejifunza mwenyewe kwa kubahatisha. Tunaomba pia nauli za mashindano zilipwe na kikundi, kwa watoto wote bila ubaguzi. Ngoma mpya na vipaza sauti tungevipenda, lakini vinaweza kusubiri. Nauli haisubiri.

Baada ya risala hii tutakuonyesha igizo fupi. Halina mwisho. Mtoto ameitwa ofisini kwa kuchelewa kila siku, na hataki kusema sababu. Tutalirudia mara ya pili, na tumeacha nafasi wazi upande wa kushoto wa jukwaa. Ukiona anaonewa, sema "Simama!", upande. Kinyago cha boksi kipo pale mezani, kama utakihitaji.

Naomba kuwasilisha.